Hesabu ya Papa Pisteri

Nikitaka kumkumbuka huanza na mgongo. Kwa miaka minne niliutazama mgongo wake kuliko uso wake, maana yeye alitangulia na mimi nilifuata. Koti la mvua la kijani lililochanika begani na kushonwa kwa uzi wa nailoni, panga katika mkono wa kushoto, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Uso wake nilikuja kuujua baadaye sana.

Tulimwita Papa Pisteri. Pisteri ni yule anayetangulia kikosi msituni na kusoma nyayo, akakwambia huyu mnyama amepita leo, yule amepita juzi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la nyumbani kwao Ntoto pia, lakini hakupenda majina yaandikwe ovyo. Nami, baada ya yote yaliyotokea, sitayaandika hapa.

Kazi yetu ilikuwa kuupima msitu ulio kati ya vilima vya Masisi na mabonde ya Walikale. Kwenye ramani za ofisini ulikuwa doa la kijani lisilo na neno hata moja juu yake. Tulipewa dira na kamba, tukafyeka njia zilizonyooka, tukatembea polepole tukiandika kila kitu: viota vya gorila na sokwe, mavi ya tembo, nyayo, mitego ya waya. Mwishoni wakubwa wangechora mpaka na kusema mlima huu ulindwe, ule uachwe. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikosi. Nilitoka Ngungu, binti wa wakulima wa viazi na maharage, nimesoma mambo ya mazingira mjini, na sikuwahi kulala msituni hata siku moja. Alinitazama mara moja tu, viatu vyangu vipya na makaratasi yangu ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Huyu njo Mama Karatasi," yaani ndiye. Jina likaganda. Mpaka leo kuna watu Ntoto wasiojua kama nina jingine.

Hakuwa mtu wa maneno. Tungeweza kutembea asubuhi nzima asiseme ila "simama" na "twende". Alivunja mavi ya gorila kwa vidole, akanusa, akanionyesha nyuzi za matunguru, matunda ya porini, ndani yake, kisha akajifuta kwenye jani na kuendelea na safari. Mwanzoni nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke na mtu wa vilima vitupu visivyo na miti. Baadaye niliona kwamba hata wanaume wa kwao hakuwa na la kuwaambia. Jioni wenzetu walipozungushia moto maneno na kicheko, yeye alikaa upande wa pili wa moshi akinoa panga ambalo tayari lilikuwa linakata.

Zamani alikuwa mwindaji, na wa kuogopwa. Sasa alikata kila mtego aliouona, lakini alifanya hivyo kwa adabu. Aliutazama ule ufundi wa fundo, akautambua mkono ulioufunga, akatikisa kichwa. "Huyu iko na batoto," alisema, kisha akakata. Waya aliukunja vizuri akautundika kwenye tawi, mahali ambapo mwenyewe angeuona na kujua kwamba kuna aliyepita. Mkuu wa kikosi, kijana msomi wa mjini, alimtaka ataje majina ya wenye mitego. Papa Pisteri alimjibu, "Chef, miye ninasomaka nyama. Bantu, mutasoma benyewe." Mkuu alikasirika siku mbili nzima.

Jumapili hakutembea. Aliimba sauti nzito katika kwaya, na hata tukiwa porini alivaa shati safi siku hiyo, akaketi na kitabu chake cha nyimbo. Lakini hakuvuka kijito bila kuchuma jani na kuliweka chini ya jiwe. Nilimchokoza siku moja, "Papa, si ulibatizwa?" Akajibu bila kugeuka, "Nilibatizwa ku maji. Haya njo maji." Sikujua kama ananitania. Kwa mtu unayemwona mgongo tu ni vigumu kujua.

Na woga wake! Nimemwona gorila dume akitujia kwa kishindo, vichaka vinavunjika, wapagazi wamelala kifudifudi, mimi nimesahau hata sala. Papa Pisteri aliketi chini, akachuma jani akatafuna, akiangalia pembeni kama mtu aliyekuja msibani kwa jirani, mpaka yule mnyama akaona aibu na kurudi. Lakini mwaka mmoja alikuja Ngungu kumsalimu mama yangu, asali yake imefungwa kwenye majani, na njiani akakutana na kundi la ng'ombe wakirudishwa kutoka malishoni. Nilimkuta amepanda ukingo wa barabara, ameshika mti kwa mikono miwili. "Mama Karatasi," aliniambia, "nyama yenye inakuangalia vile bila kukimbia, ile haiko nyama muzuri." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku pekee nilipomwona yeye pia akicheka, na hakucheka kwa muda mrefu.

Maana baada ya chakula mama, kwa ukarimu wake, aliuliza swali ambalo kila mama huuliza. "Na nyumbani, Papa, muko wangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna bibi? Hakuna batoto?"

"Hakuna muntu, Mama."

Mama akaona haya, akaenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mimi nilijua kwamba anaishi peke yake. Kilichonishangaza ni kwamba hakusema "miye tu", kama sisi sote tunavyosema. Alisema hakuna mtu, ilhali mtu mwenyewe ameketi pale na kikombe mkononi.

Nilipaswa kuelewa siku ile, maana dalili zilikuwa mbele yangu kila jioni. Kikosi chetu kilikuwa watu saba. Sahani hatukubeba, tulikula bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, juu ya majani mapana ya mangongo, na kukata majani ilikuwa kazi yake. Kila jioni alileta sita. Si mara moja wala mbili, ni miaka minne. Tulicheka: mtu anayejua gorila amelala wapi wiki iliyopita, hawezi kuhesabu mpaka saba! Wapagazi wakaanza kuita kila upungufu "hesabu ya Papa Pisteri". Chumvi ikipungua ni hesabu ya Papa Pisteri, mvua ikikatiza siku ni hesabu yake pia. Aliyekosa jani alikula kwenye mfuniko wa sufuria, na mara nyingi huyo alikuwa mimi. Yeye hakujitetea.

Sasa niseme jambo alilolitaka duniani, maana lilikuwa moja. Ng'ambo ya kijito cha mwisho kulikuwa na mlima ambao baba zake waliishi zamani. Migomba yao iliyorudi kuwa mwitu bado ilionekana kati ya miti. Aliuita "kwetu", basi. Kila msimu tulipoanza kazi aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye karatasi, "Kwetu itaingia?" Nilimwambia itaingia ikiwa na wanyama wa kutosha, maana mlima usio na wanyama wakubwa hautachorwa ndani ya mpaka, na ukiachwa nje watakuja wenye misumeno na wachimbaji. Alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata aliuliza tena, kwa maneno yaleyale.

Mlima wake tuliupima katika mwaka wa nne. Utaratibu ulitaka niingie naye vichakani kupima kila kiota mwenyewe, lakini vichaka vilikuwa vizito na mimi nilikuwa nimezoea uvivu. Kwa miaka yote hiyo yeye aliingia, akapaza sauti ya hesabu, nami nikaandika nikiwa nimesimama njiani. Kosa hilo ni langu, silitupi kwa mtu. Siku tatu tulitembea mlimani kwao. Aliingia, akatoka. "Hakuna." Aliingia tena, akatoka. "Hakuna." Nilimwonea huruma kila nilipoandika.

Siku ya tatu nilijitenga na wenzangu kwenda kujisaidia, na nyuma ya gogo nikakuta kiota. Kimoja, kikubwa, majani hayajanyauka, na juu yake nywele za kijivu za dume mzee. Hakuna kiota kingine karibu. Ni gorila anayeishi peke yake. Kando yake shina moja lilikuwa limekatwa kwa panga, mkato wa mtu anayeshika panga kwa mkono wa kushoto, kama Papa Pisteri.

Nilimkuta ameketi kwenye mzizi.

"Papa, kule kuna kiota. Na umekiona."

"Nilikiona."

"Na umesema hakuna!"

"Kama iko moja, ninasemaka hakuna. Kama iko tano, ninasemaka ine. Kintu ya uzima haihesabiwake yote, Mama Karatasi. Moja inabakia."

Hapo yakanijia yote kwa pamoja: majani sita, kikombe cha chai Ngungu, miaka minne ya makaratasi yangu, kila kundi limepungua mmoja. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimwambia kwamba ameuharibu msitu wake kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia mwalimu wetu alitufundisha kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

"Na ile ya ku daftari," aliuliza taratibu, "yenyewe haipoteaka?"

Kisha akanieleza, kwa sauti ileile ya "simama" na "twende". Walikimbia vita, wakafika kambi moja upande wa Hombo. Watu wakaja na karatasi ili wagawe unga na mablanketi. Wakamuuliza nyumbani kwako muko wangapi. "Bibi yangu akanikanyaga muguu, ili nikumbuke. Kwetu muntu anaachaka moja. Lakini njaa ilikuwa mingi. Nikasema yote. Saba. Nikataja majina, moja moja, hata ya kale kadogo ka mugongoni." Alibandua gome la mzizi kwa ukucha. "Mwaka haikuisha."

Nilijua ni nini kiliwaua. Nilisema, kwa upole kidogo, "Papa, ilikuwa surua. Kambi zote zilikuwa na surua. Haikuwa karatasi."

"Ninajua ni surua. Hata miye niliiona. Lakini ilibapata bote, Mama Karatasi. Hakuna mwenye nilimuficha."

Mtu mwenye busara angekaa kimya pale. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu na penseli mkononi. Niliona mlima wake ukiachwa nje ya ramani kwa ajili ya tarakimu moja, nikadhani namwokoa. Niliandika 1. Alitazama penseli mpaka ikamaliza. Halafu akainuka, akachukua panga lake, akateremka mlima. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka, na asubuhi iliyofuata hakuja kazini.

Mkuu wa kikosi aliposoma karatasi yangu alikunja uso. Kiota kimoja, kimeonwa na mwandishi, pisteri hayupo kuthibitisha. "Futa," alisema. Nikafuta. Ramani ilipotoka, mpaka ulipita upande huu wa kijito, na mlima wa kwao ukabaki nje. Nilikuwa nimemvunjia mzee neno lake, na mlima sikuupata.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia, maana ni rahisi kuliko kujilaumu. Baadaye vita vilipanda hadi kwetu Ngungu, barabara zikafungwa, tukatawanyika. Kaka zangu wawili wako mbali na simu zao hazipatikani. Mama alifariki ukimbizini, na sikuwahi kufika kumzika. Nilikodi chumba mjini, nikapata kazi ofisini. Kila karatasi inayouliza idadi ya watu nyumbani hujaza moja, na kila nikijaza hukumbuka ule mgongo ukiteremka mlima. Upweke una tabia ya kukurudisha kwa watu uliowakosea.

Mwaka jana barabara ilitulia kidogo, na ofisi ikanituma Ntoto. Safari hii hatukuhesabu wanyama. Vijiji vya upande ule vilikuwa vinaomba msitu uandikwe kuwa mali yao wenyewe, wautunze wenyewe, na ombi lilihitaji orodha ya nyumba, mlima kwa mlima. Mlima usio na nyumba hata moja kwenye orodha ungeachwa nje. Katibu wa kijiji alikuwa ameshaianza. Nilitafuta mlima ng'ambo ya kijito, maana njiani niliambiwa kwamba Papa Pisteri amehamia kule. Mbele yake ameandika: hakuna mtu.

"Lakini si mzee anaishi kule?"

"Iko kule tangu miaka," katibu alisema akicheka. "Nilimufikia mwenyewe, nikamuuliza muko wangapi. Akaniambia hakuna. Mbele yangu, na macho yake! Sasa niandike nini?"

Nilipanda peke yangu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limechoma ukungu wote. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ukuta wa udongo, migomba pembeni, baadhi imevunjwa. Alikuwa ameketi mlangoni ameelekea njia, koti lilelile, uzi wa nailoni umeongezeka. Kwa hiyo nilimwona uso. Nilistaajabu jinsi ulivyokuwa uso wa kawaida, wa mzee aliyechoka, jicho moja limeingia ukungu.

"Mama Karatasi. Umezeeka."

"Na weye, Papa."

Alikwenda nyuma ya nyumba kukata jani la kulia chakula. Tulikuwa wawili, akarudi na moja. Alimwaga ndizi zilizopikwa katikati, tukala pamoja kwenye jani hilo, yeye upande wake, mimi upande wangu. Niliuliza nilichoogopa kuuliza. "Na yule dume mzee wa juu?"

"Iko. Juzi alikuja kunivunjia migomba." Alionyesha kwa kidevu. "Karatasi yenu ilimukataa, njo maana iko na uzima."

"Unisamehe, Papa. Sikupaswa kuandika."

"Ulikuwa mutoto. Na miye kichwa nguvu." Akasukuma kipande kikubwa cha ndizi kuja upande wangu. Nililia kidogo, nikila.

Nilimweleza habari ya orodha. Niliweka penseli chini, kwenye udongo kati yetu, apate kuiona. "Ukisema hakuna, Papa, nitaacha hakuna. Sitaandika kwa nguvu tena. Lakini kwetu itabaki inje." Nilisema "kwetu" bila kukusudia.

Aliangalia penseli kama alivyowaangalia ng'ombe.

"Na kwako," aliniuliza, "muko wangapi?"

"Moja. Miye tu."

"Mama?"

"Alikufa. Na bakaka sijui kama bako."

"Na uliandika moja?"

"Ndiyo."

Alifyonya. "Unaona vile? Ulisema yote."

Upepo ukapita kwenye migomba. Halafu akaokota penseli mwenyewe, akaifuta udongo kwenye koti, akanipa. "Andika moja. Andika na jina." Akalitaja, la ubatizo na la nyumbani, polepole, herufi kwa herufi, mtu ambaye hakumpa mtu jina tangu Hombo. Niliandika kila herufi kama alivyoitaja. Nilipomaliza niliogopa, kwa maana hesabu yake sasa naijua, na nilijua kwamba hawezi kusema moja kama ndiyo yote.

"Papa, nani amebakia?"

Alikuwa anakunja jani tulilolia chakula. "Si njo weye," alisema, kana kwamba nimeuliza jua liko wapi. "Na kule kwako kwenye uliandika moja, njo miye. Sasa enda, mvua inakuja."

Niliteremka na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Ntoto, katibu wa kijiji aliisoma orodha yote kwa sauti mbele ya wazee, nyumba kwa nyumba, ili kuhakikisha. Alipofika kwenye mlima ng'ambo ya kijito alisita, akaniangalia. "Hapa, Mama, ni mutu moja tu? Hakuna mwingine?"

Nikasema hakuna mwingine.